Wifi yangu kaanza kuletewa matangazo ya wajawazito na mimi sijamwambia mtu, simu inatusikiliza?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza, nimelifupisha kidogo: "Mtaalamu habari. Nina ujauzito wa wiki 9, wanaojua ni mume wangu na nesi wa kliniki tu, hata mama mzazi bado. Wiki iliyopita Facebook na Insta zangu zimejaa pampasi, maziwa ya wajawazito na vitanda vya watoto. Hayo ningevumilia, ila juzi wifi yangu tunayeishi naye kanionyesha simu yake anacheka, eti mbona na mimi naletewa mambo ya wajawazito, kuna nini humu ndani? Nilitamani ardhi ipasuke. Haya mambo tunaongelea chumbani tu, simu zikiwa kitandani. Kugugo nimegugo kidogo kwenye laptop ya nyumbani ambayo wote tunatumia, na nina apu ya kuhesabu siku zangu. Je simu inatusikiliza? Nifute Facebook? Shida ndo huko huko nauzia vitenge vyangu na huwa naboosti."

Jibu: Dada yangu kwanza hongera sana, Mungu akufikishe salama. Tuanze na maikrofoni maana ndo inayokunyima usingizi. Hapana, sioni dalili kwamba simu inawasikiliza, na najua jibu hili halipendwi kabisa, kila nikilitoa kuna mtu anakuja na kisa chake cha friji aliyoitaja kwa mdomo asubuhi na jioni ikamtokea Insta. Ila fikiria habari ya bando tu. Sauti ya ubora wa chini, kilobiti 16 kwa sekunde, inakula kama MB 7 kwa saa, siku nzima ni zaidi ya MB 170. Wewe unayenunua bando la wiki ungegundua siku ya pili tu. Watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern kule Boston walipima apu zaidi ya 17,000 za Android, majibu wakayatoa 2018, wakatafuta kama kuna inayowasha maikrofoni yenyewe na kutuma sauti kimyakimya, hawakuipata hata moja. Walichokuta ni kituko kingine, apu ya kuagiza vyakula inaitwa GoPuff ilikuwa inarekodi kioo cha simu wakati mtu anaitumia na kurusha hiyo video kwa kampuni nyingine kabisa. Yaani wakati watu wanaogopa sikio, jicho ndo lilikuwa wazi. Na simu za sasa, kuanzia Android 12, maikrofoni ikiwaka unaona alama ya kijani juu ya kioo, ukiiona na hauko kwenye simu wala haurekodi kitu nenda kaangalie apu gani inatumia.

Sasa twende kwenye laptop, maana hapo ndo nina wasiwasi zaidi kuliko kote. Fungua Chrome, angalia kona ya juu kulia, kuna kiduara kidogo chenye herufi au picha ya mtu. Ni ya nani? Nauliza hivyo kwa sababu nyumba nyingi zenye laptop moja unakuta aliyeingia ni yule mdogo aliyekuwa anafanya kazi za chuo, kaingiza Gmail yake mwaka juzi na hajawahi kutoka. Kama kiduara ni cha wifi yako basi hadithi imeisha, kila ulichogugo kimeandikwa kwa jina lake, Google haimuoni aliyekaa kwenye kiti, inaiona akaunti, na akaunti hiyo hiyo iko kwenye simu yake, kwa hiyo YouTube yake na matangazo yake vyote vinamhesabu yeye ndo mjamzito.

Na Facebook je? Hapo ni mambo ya kuki, yaani kifaili kidogo ambacho tovuti inaacha kwenye brauza ili ikukumbuke, na pikseli, nieleze vizuri maana hiki ndo kitu kinachonilisha mimi. Mwenye duka la mtandaoni la vitu vya watoto anaweka kwenye tovuti yake kipande kidogo cha programu anachopewa bure na Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, tunaita pikseli. Ukifungua ukurasa wa kitanda cha mtoto, hata usipobonyeza chochote, ile pikseli inatuma taarifa Meta: kuna mtu kaangalia bidhaa namba fulani, bei fulani, saa fulani. Ukiweka kwenye kapu inatuma tena, ukinunua inatuma tena. Meta wanajuaje ni nani? Wanasoma kuki iliyoachwa kwenye brauza siku mtu alipoingia Facebook kwenye laptop hiyo. Sasa kama aliyeingia mara ya mwisho ni wifi, basi aliyeangalia kitanda ni wifi. Brauza za Safari na Firefox zilishaanza kuzuia kuki za namna hii zamani, Chrome nao walitangaza Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili wataziondoa, wakasogeza mbele, wakasogeza tena, 2024 wakaghairi. Mwenye Chrome, yaani Google, ndo muuza matangazo mkubwa kuliko wote duniani, mimi sikushangaa.

Kama kiduara kile sio chake, kuna njia nyingine, ruta ya nyumbani. Simu zenu zote zinatoka nje kwa anwani moja ya mtandao, na zinalala sehemu moja kila usiku, kwa hiyo kampuni za matangazo zinazipanga pamoja kama nyumba moja na kinachomhusu mmoja wanakijaribisha kwa mwingine. Huku kwetu hiyo hesabu inakosea sana kwa sababu kampuni za mtandao mara nyingi zinagawia wateja wengi anwani moja, ila kukosea hakuwazuii kujaribu. Na inawezekana pia wifi aliangalia tu video ya mtoto anacheka mpaka mwisho basi, akapangwa huko. Msimhukumu mtu wala mashine mpaka mmeangalia kile kiduara.

Kuhusu kusafisha: mumeo atoe hiyo akaunti kwenye laptop kwa kisingizio chochote kile, kisha kila mtu atengenezewe profaili yake ya Chrome, ni dakika mbili. Historia ya ulichotafuta itabaki kwenye akaunti ya wifi kama ilikuwa yake, na kuifuta ni lazima uingie kwa jina lake, hapo mimi sikusukumi, kaeni na mumeo muamue. Na ukitafuta tena mambo haya kwenye mashine ya watu wengi tumia inkognito, lile dirisha la faragha la Chrome, inafaa kwa hilo tu, haiachi historia kwenye laptop. Usidhani inakuficha kwa Google au kwa tovuti unayoingia. Google walishtakiwa Marekani kwa jambo hilo hilo, 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliodhani inkognito maana yake hawaonekani.

Turudi kwenye simu yako wewe mwenyewe. Ile apu ya kuhesabu siku hukuitaja jina, kwa hiyo siisemi yako. Ila nikupe kesi ya Flo, ambayo ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 100. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba apu hiyo inaiambia Facebook mwanamke akiwa hedhini au akisema anatafuta mtoto, na Januari 2021 ile tume ya Marekani ya kulinda walaji, FTC, ikatangaza makubaliano na kampuni hiyo. Ukisoma mashtaka ya FTC kuna mstari utakaokukaa kichwani: kati ya taarifa zilizokuwa zinaruka kwenda nje kulikuwa na moja iliyopewa jina R_PREGNANCY_WEEK_CHOSEN, yaani mwanamke anachagua wiki ya mimba yake kwenye kioo na papo hapo jina la kitendo hicho linasafiri kwenda kwa kampuni za takwimu na matangazo, wakati kampuni imeahidi kwamba data za afya hazitoki. Hakuna aliyehitaji kusikiliza chumba cha mtu. Mama mwenyewe kagusa kitufe.

Kwa hiyo apu yako fanya hivi, ingia kwenye setingi zake uone kama kuna sehemu ya kukataa kushirikisha data, ikataze kabisa lokesheni na namba zako za simu, na kama uliingia kwa akaunti ya Facebook au Google hapo ndo nakushauri uifute uanze upya, au utumie kalenda ya ukutani na kalamu, bibi zetu walizaa bila apu na hesabu zilikuwa zinatoka.

Njia ya tatu ndo watu wengi hawaijui na hapa Bongo ndo inayofanya kazi kuliko zote, namba ya simu. Sisi namba tunaitoa kama salamu. Duka la dawa wanakuandika kwenye daftari, duka la nguo wanataka namba "kwa ajili ya ofa", umelipa kwa simu namba imebaki, bodaboda wa delivari anayo. Mimi mteja wangu mwenye duka la vitu vya watoto akinijia, kitu cha kwanza namuuliza una namba za wateja? Ananitumia faili la Excel. Napakia kule Meta, namba zinageuzwa kuwa msimbo kwanza halafu zinalinganishwa na namba ambazo watu walifungulia akaunti zao, kisha naambiwa kundi lako liko tayari. Sioni majina ya akaunti, sioni sura, nina kundi tu. Halafu nabonyeza kitufe kingine nasema nitafutie watu wanaofanana na hawa, na ili kifanye kazi inatosha kuwa na watu 100 wa nchi moja. Hapo ndo uchawi wenyewe ulipo. Mashine inaangalia hao mia wana nini cha pamoja, wanafuata nini, wanaangalia video za nini na kwa muda gani, wanafungua simu usiku saa ngapi, kisha inaleta wengine laki kadhaa wanaofanana nao. Wewe unaingia humo bila hata kuwahi kutaja neno mimba popote. Mimi mtangazaji sijui kama una mimba, na kusema kweli Meta nao hawana haja ya kujua, wanajua tu kwamba mtu kama wewe wiki hii ana uwezekano wa kugusa tangazo la pampasi.

Na ukiwa unasoma habari kwenye tovuti za kawaida, pale kabla ukurasa haujamaliza kufunguka kuna mnada unapigwa juu yako, kama wa samaki pale Feri ila huu unaisha ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Simu yako inatambulishwa kwa kitambulisho cha matangazo, mji, aina ya simu, unachosoma, wanunuzi kibao wanaipokea hiyo taarifa, mmoja anashinda anaweka tangazo. Walioshindwa nao wameshaiona taarifa yako. Hii sehemu inanikera zaidi ya zote na sijawahi kusikia mtu yeyote wa tasnia yetu akiitetea vizuri.

Unaweza ukasema basi nijifiche kabisa. Kuna mama alijaribu. Janet Vertesi, mwanasosholojia wa chuo kikuu cha Princeton, alipopata ujauzito aliamua mtandao usijue, sio kwamba alikuwa na la kuficha, alitaka kuona kama inawezekana, na 2014 akaeleza mbele ya watu yaliyomkuta. Hakuandika neno mtandaoni, aliwapigia ndugu simu akawaomba wasiposti. Mjomba wake akamtumia hongera kwa meseji ya Facebook, akaifuta na akamtoa mjomba urafiki. Tovuti za wajawazito aliingia kwa Tor, ile brauza ya kuficha anwani ambayo watu huihusisha na wauza madawa. Vitu alinunua kwa keshi. Wakataka kigari cha mtoto cha Amazon bila kutumia kadi, mume wake akaenda dukani na dola taslimu kununua kadi za zawadi za dola 500, akakuta tangazo kwamba duka linaweza kuripoti miamala mikubwa ya namna hiyo kwa mamlaka. Kwa kifupi kujificha kwenye matangazo kulimfanya aonekane mhalifu. Mimi nikikumbuka kisa hiki nawaambia watu wasihangaike kutafuta siri kamili, funga milango michache inayovuja sana, mingine tuwabane wao.

Milango yenyewe ni hii. Kwenye Android ingia mipangilio, Google, matangazo, futa kitambulisho cha matangazo. Kile ndo kinachounganisha apu zako zote kwa jina moja, ukikifuta apu zinapewa sifuri tupu. Mwenye iPhone yeye tangu Aprili 2021 anaulizwa kila apu kama anaruhusu kufuatiliwa, na ujue uzito wa lile swali dogo, Meta walisema lingewakosesha kama dola bilioni 10 kwa mwaka 2022. Kisha kwenye Facebook, sehemu ya akaunti, tafuta shughuli zako nje ya Meta. Fungua uone orodha. Nakuonya itakushtua, utakuta benki, apu za mpira, maduka uliyoingia mara moja. Ifute na uikate isiunganishwe tena. Hii haizuii pikseli kutuma, inazuia isibandikwe kwenye jina lako.

Halafu kuna kitu wachache wanakijua na kwako ndo muhimu zaidi. Google wana ukurasa wa kusimamia matangazo yako, humo kuna mada nyeti unazoweza kuzipunguza, kamari, pombe, kupunguza uzito, na ipo ya ujauzito na malezi. Facebook nao kwenye mada za matangazo wana ya malezi, unachagua uone machache. Mambo haya yana uzito wake. Desemba 2018 Gillian Brockell, mwanahabari wa Washington Post, alijifungua mtoto akiwa amefariki, na simu yake ikaendelea kumletea vitu vya watoto, akaandika barua ya wazi kwa makampuni ya teknolojia akiwauliza, kama mmekuwa na akili ya kujua nina mimba mnashindwaje kujua mtoto wangu amefariki? Alipobonyeza kwamba hataki tangazo kwa sababu halimhusu, mashine ikafikiri kashajifungua salama, ikaanza kumletea sidiria za kunyonyeshea. Ndo maana nakuambia zima hiyo mada leo ukiwa mzima na furaha, na kama mmeamua kuiwasha tena baadaye mtaiwasha wenyewe.

Kisheria haupo uchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake PDPC ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na una haki ya kumwambia mtu aache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Kwa hiyo duka la dawa au kliniki ikikutumia meseji za ofa za uzazi, jibu kwa maandishi kwamba hutaki, piga picha kioo ukatunze, wakiendelea peleka malalamiko PDPC. Majirani zetu Kenya wameshaonyesha kwamba haya sio ya kwenye makaratasi, Septemba 2023 kamishna wao wa data alipiga faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 shule moja kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja. Kwa Meta na Google wenyewe sheria zetu bado hazijauma, hilo niseme ukweli. Mwaka 2023 Meta waliingiza karibu dola bilioni 135 na karibu 132 kati ya hizo zilikuwa za matangazo, watu wa namna hiyo hawaachi kwa barua moja.

Kufuta Facebook, hapana, usifute kama ndo duka lako. Kufuta akaunti hakuzuii mwenye duka kupakia namba yako, na Zuckerberg mwenyewe akihojiwa na Bunge la Marekani Aprili 2018 alikubali kwamba wanakusanya taarifa za watu wasio na akaunti, akasema ni kwa ajili ya usalama. Utapoteza wateja wa vitenge na taarifa zitaendelea kwenda.

Ila nawe dada umesema huwa unaboosti, kwa hiyo upo pande zote mbili za kaunta. Unapochagua wanawake wa miaka 25 mpaka 45, Mwanza, wanaopenda mitindo, ni mashine ile ile. Hapo hujamkosea mtu, kuboosti kwa eneo na umri sioni tatizo nako. Ninachokuomba, ile sehemu ya kupakia namba za wateja usiiguse mpaka umewauliza, wengi watakubali tu ukiwaambia ni kwa ajili ya mzigo mpya, na anayekataa mtoe kwenye faili siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa unahifadhi majina na namba za watu, sheria ile ile inakutaka ujisajili PDPC kama mkusanyaji wa taarifa, usajili unafanyika mtandaoni, ingia uangalie biashara ya ukubwa wako inatakiwa nini na ada yake.